Bolti Inayozunguka Bure: Namna Meno ya Injini ya Pikipiki Yanavyoliwa na Yanavyorejeshwa

Bolti ya kumwagia oili ilipotoka kwenye tumbo la injini, ilitoka imevaa unyuzi mwembamba wa alumini, unaong'aa kama magamba ya dagaa, umejizungusha kwenye meno yake mara tano au sita. Mwenye pikipiki, kijana anayechukua samaki Tumbe, huku Pemba, kila alfajiri na kuwapeleka Chake Chake, aliuchomoa kwa ukucha akaniuliza ni taka gani iliyoingia humo. Haikuwa taka. Ule unyuzi ndio uliokuwa meno ya injini yake, na tangu hapo bolti ile ikawa inaingia kwa vidole na kuzunguka bure, haikazi wala haifungi.

Gerejini husemwa kwamba bolti "imekula meno", na usemi huo ni wa kweli kuliko wanavyoufahamu wengi wanaousema. Bolti ndiyo iliyokula. Iliyoliwa ni injini. Mwenye chombo asiyejua hilo hukimbilia dukani kununua bolti mpya, akaitia katika tundu lilelile, ikazunguka bure kama ile ya kwanza, kisha akarudi kumlaumu muuza spea. Kwa hiyo bolti na tundu vikaguliwe kila kimoja peke yake. Meno ya bolti yasafishwe kwa brashi ya waya, halafu izungushiwe nati mpya ya saizi yake. Nati ikipanda mpaka mwisho bila kugoma, bolti ni nzima na maradhi yako ndani ya tundu.

Ili kuelewa kwa nini tundu ndilo linaloshindwa, yafaa kujua bolti inafanya kazi gani. Kwa umbile lake bolti ni mteremko uliozungushiwa mti wa chuma. Inapokazwa, meno yake hukwea juu ya mteremko wa meno ya tundu, na mwili wake huvutika kidogo mno, kama mpira, na ni kule kutaka kurudi katika urefu wake wa asili ndiko kunakobana vipande viwili pamoja. Nguvu hiyo ni kubwa. Bolti ya milimita 6, isiyozidi unene wa penseli, ikikazwa kwa 10 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha), ambacho ndicho kiwango cha kawaida katika injini nyingi za Kijapani, huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 800. Tena mzigo huo haugawiki sawasawa: jino la kwanza, lililo karibu na mdomo wa tundu, hubeba peke yake karibu thuluthi nzima, la pili hubeba pungufu ya hapo, na ya chini kabisa hayabebi kitu cha maana. Jino la kwanza likikatika, mzigo wake humwelemea jirani yake, naye akikatika humwelemea anayefuata, na ndiyo maana mtu huhisi spana imelegea ghafla mkononi, kama mguu uliotumbukia topeni.

Bolti ya kawaida yenye nambari 8.8 kichwani imetengenezwa kwa chuma kinachohimili mvuto wa takriban nyutoni 800 kwa kila milimita ya mraba, ilhali alumini ya kumiminwa, inayotengenezewa mabodi ya injini kwa sababu ya wepesi wake na uwezo wake wa kutawanya joto, huvunjika kwenye takriban 300. Watengenezaji wanalijua hilo, na ndiyo maana tundu la alumini hupewa kina cha mara moja na nusu hadi mara mbili ya upana wa bolti, wakati nati ya chuma hutosheka na kina kisichozidi upana huo. Mtu anayetia bolti fupi kuliko ile ya asili, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo dukani siku hiyo, hulipunguzia tundu idadi ya meno yanayosaidiana, hata kama bolti yenyewe inaonekana kushika vizuri.

Uharibifu mwingi hutoka mkononi. Kiwango cha 10 Nm maana yake ni nguvu ya kilo moja tu ikishika mwisho wa mkono wenye urefu wa mita moja, au kilo kumi katika spana inayoshikwa sentimita 10 kutoka kwenye bolti. Spana ya sentimita 30 ikitiwa nguvu hizohizo hutoa mara tatu yake, na meno ya bolti ya milimita 6 hayastahimili hivyo. Ziada hii huletwa hasa na ile kanuni ya mtaani kwamba kinachovuja kikazwe. Oili inayovuja kwenye bolti ya kumwagia haizuiwi na meno. Huzuiwa na washa laini ya alumini au ya shaba iliyo chini ya kichwa cha bolti, ambayo hubonyea mara moja na inapaswa kubadilishwa kila bolti inapofunguliwa. Washa ile ikisharudiwa mara nne au tano haina tena cha kubonyea, matone yanaanza, mtu anaongeza nguvu, na siku moja bolti inatoka imevaa pete.

Sababu ya pili ni bolti inayoingizwa ikiwa imeinama upande, na mwathirika wake mkubwa ni tundu la plagi, kwa sababu liko mahali pa kificho na plagi hutiwa kwa soketi ndefu isiyompa mtu hisia yoyote. Ya tatu ni bolti isiyo ya hapo: milimita 10 yenye hatua ya 1.25 na milimita 10 yenye hatua ya 1.5 hazitofautiki kwa macho, hatua ikiwa ni umbali kutoka jino moja hadi la pili, na zote mbili huanza kuingia kwa vidole bila ubishi. Inayokosea hugoma baada ya mizunguko miwili au mitatu. Anayeisukuma kwa spana kuanzia hapo anakata meno mapya juu ya yale ya zamani, na akimaliza hana hayo wala yale.

Kwetu visiwani lipo jambo la nne, nalo ni chumvi. Chuma na alumini vikigusana penye maji ya chumvi huwa kama betri ndogo, na katika betri hiyo alumini ndiyo inayolika, ikageuka unga mweupe ambao kila mmoja wetu ameuona kwenye bolti za kava za pikipiki zinazolala karibu na pwani. Unga ule huchukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyouzaa, kwa hiyo huibana bolti kana kwamba imechomelewa. Pikipiki ya mchuuzi wa samaki hupata hayo maradufu, kwani maji ya tenga huchuruzika safari nzima juu ya injini yenye moto, yakakauka na kuacha chumvi, na kesho yake yakaongezewa mengine. Bolti ya namna hiyo ikilazimishwa kutoka, huchomoka na meno ya tundu, au hukatika shingo na kubaki ndani. Dawa yake ni subira ya usiku mmoja kwa mafuta ya kulainisha kutu, kisha joto, kwa sababu alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma katika joto lilelile, hivyo tundu hupanuka kuizidi bolti. Mimi hupenda birika la maji yanayochemka kuliko moto wa gesi, kwa kuwa tangi la petroli haliko mbali na hapo. Bolti ijaribiwe kwanza kukazwa kwa kiasi kidogo mno, mpaka isikike ikilia, ndipo ilegezwe. Plagi ni kisa kingine: hiyo hufunguliwa injini ikiwa imepoa kabisa.

Tundu likishakufa, swali linaloulizwa mwanzo huwa ni la bei. Ningependa liulizwe kwanza hili: tundu lile linabeba nini, hufunguliwa mara ngapi, na limebakiwa na nyama kiasi gani pembeni yake? Bolti ya kava ya klachi hubana gasketi tu, na zipo nyingine kama kumi zinazosaidiana nayo. Studi za silinda, yaani bolti ndefu zisizo na kichwa, hubeba mripuko wa kila mzunguko wa kazi. Bolti ya oili haibebi mzigo mkubwa, lakini hufunguliwa na kufungwa kila baada ya kilomita elfu chache, na ikidondoka njiani injini hubaki bila tone. Matundu hayo matatu hayatibiwi kwa dawa moja.

Zipo tiba zisizo tiba. Utepe mweupe wa mabomba ukizungushiwa bolti huifanya ihisi kukaza, na hauzuii chochote, kwa kuwa hakuna plastiki laini kiasi hicho inayoweza kushika nafasi ya jino la chuma. Unyuzi wa shaba uliochunwa kwenye waya wa umeme na kutiwa tunduni pamoja na bolti huleta mshiko kweli, lakini hushika kwa kuyabana na kuyakwaruza mabaki ya meno, na bolti ikifunguliwa mara ya pili hutoka na kila kitu. Nimeuona ukimfikisha mtu nyumbani kutoka Konde, na kwa kazi hiyo sina neno nao. Gundi ya chuma ya mirija miwili hufaa kwa bolti ya kava isiyobeba mzigo, ikiwa tundu limeoshwa mpaka halina harufu ya oili. Kwenye plagi au ekzosi haifai hata kujaribiwa.

Tiba halisi ni nne. Ya kwanza ni kulipanua tundu na kutia bolti ya saizi inayofuata, milimita 6 ikawa 8, na gharama yake ni ndogo mno. Ubaya wake ni kwamba tundu la kava nalo litapaswa kupanuliwa, ukuta wa pembeni unakuwa mwembamba, na fundi mwingine baadaye atashangazwa na bolti moja isiyofanana na wenzake. Ya pili ni springi ya meno, inayojulikana zaidi kwa jina la Heli-Coil. Ya tatu ni bushi nzima ya chuma yenye meno ndani na nje. Ya nne ni kuliziba tundu kwa kulichomelea kwa alumini, kisha kulitoboa na kulikata meno upya. Hii ya nne naiweka mwisho kwa makusudi, kwani bodi ya injini iliyokunywa oili miaka kumi hutoa povu na vitundu inapochomelewa, nyuso zake za kukalia gasketi huweza kupinda kwa joto, na fundi wa kuchomelea alumini kwa ustadi hapatikani kila mahali. Itumike pale tu nyama yenyewe ilipovunjika.

Springi ya meno inastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu ndiyo inayowashangaza watu. Ni waya wa chuma kisichoshika kutu, ambao ukikatwa katikati unaonekana na umbo la almasi, uliosokotwa kama springi, hivyo kwamba mgongo wake wa nje ni meno na tumbo lake la ndani ni meno. Tundu hupanuliwa, hukatwa meno makubwa zaidi kwa nje, springi ikaingizwa, na bolti ya asili ikarudi kuingia ndani ya springi kwa saizi yake ileile. Watu hudhani kiraka hakiwezi kuishinda nguo. Hapa kinaishinda: kwa bolti ya milimita 6, meno mapya ya alumini yana upana wa takriban milimita 7.3, kwa hiyo mzigo uleule unaegemea alumini iliyo nyingi zaidi kwa karibu moja ya tano. Springi nayo hujinyumbua na kuugawa mzigo kwa usawa zaidi kuliko jino la kwanza kuubeba peke yake. Na bolti inayofunguliwa na kufungwa husugua chuma, haisugui tena alumini. Ndiyo maana kuna injini zinazotoka kiwandani zikiwa zimeshatiwa springi hizo tangu zikiwa mpya.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuisimulia. Kwa bolti ya milimita 6 yenye hatua ya 1.0, tundu hutobolewa kwa biti ya takriban milimita 6.3, si 6 na si 7. Kwa ile ya milimita 8 yenye hatua ya 1.25, biti ni ya takriban 8.3. Kina cha tundu kipimwe kwanza kwa kijiti, na biti izungushiwe utepe wa umeme kwenye kina hicho, maana chini ya matundu mengi kuna njia ya oili au ukuta usiozidi milimita chache. Halafu huja tepu ya kukatia meno, ambayo lazima iwe ile iliyouzwa pamoja na springi, kwani tepu ya kawaida ya milimita 7 haikati meno ya saizi hiyo. Tepu huzungushwa nusu mzunguko mbele na robo nyuma, ili vinyozi, yaani vipande vyembamba vya alumini inayokatwa, vikatike na visijazane, na kilainishi kizuri cha kukatia alumini hakihitaji kuagizwa kokote: ni mafuta ya taa. Bila hayo, alumini hunata kwenye makali ya tepu na kuchuna meno inayoyakata.

Ugumu uko katika kusimama wima. Tundu la kwanza nililolipanua maishani lilikuwa la kava ya klachi, kwa keekee ya mkono, nikiwa nimechuchumaa na kujiamini. Liliinama kwa kiasi ambacho jicho halikukiona. Springi iliingia, bolti ilishika vizuri mno, lakini kava ilipopachikwa bolti ile ilikataa kuliona tundu lake, na nilimaliza alasiri nzima nikilichonga tundu la kava kwa tupa ya duara mpaka likawa na umbo la yai. Tangu siku hiyo hutumia kipande cha chuma kinene cha sentimita 2, kilichotobolewa wima kwenye keekee ya mezani, nikakibana juu ya tundu kama mwongozo. Biti ikipita humo haina pa kuinamia.

Springi huingizwa kwa kifaa chake, kinachoshika kijino kidogo kilichopinda chini yake, na huzungushwa bila kusukumwa mpaka mzunguko wake wa juu uzame robo hadi nusu ya hatua chini ya uso wa alumini. Ikiachwa juu, kava haitakaa. Na isirudishwe nyuma, kwani itajifungua na kuharibika. Kisha kile kijino huvunjwa kwa kugongwa mara moja na kijiti cha chuma, nacho hulia "tak" ndogo inayosikika vizuri gereji ikiwa kimya. Katika tundu lisilotokea upande wa pili, kijino kitolewe kwa kibano. Katika tundu linalofunguka ndani ya injini, kisigongwe kabisa: kishikwe kwa koleo yenye mdomo mrefu na kutingishwa mpaka kikatike kikiwa bado mdomoni mwa koleo, kwa sababu chuma cha aina ile hakiaminiki kuvutwa na sumaku, na kipande kile kikiangukia kwenye gia hakuna wa kukiokota bila kufungua injini nzima.

Kwenye tundu la plagi hofu ni ya vinyozi. Plagi za pikipiki nyingi huwa na meno ya milimita 10 yenye hatua ya 1.0, au milimita 12 au 14 yenye hatua ya 1.25, na chini yake kuna pistoni. Iliyo salama zaidi ni kuvua hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, na kuifanyia kazi mezani. Asiyeweza kufanya hivyo aishushe pistoni, ahakikishe vali zimefungwa, ajaze grisi kwenye mifereji ya tepu ili vinyozi vinate humo, aitoe na kuifuta kila baada ya mizunguko michache, na mwisho apulize hewa ya kompresa kupitia mrija mwembamba uliofika ndani ya silinda. Kwa tundu hili naichagua bushi nzima kuliko springi ya waya, kwa kuwa plagi hutolewa mara kwa mara, na springi iliyonaswa na masizi imeshawahi kutoka ikiwa imeng'ang'ania plagi.

Sababu hiyohiyo ndiyo iliyoniamulia kuhusu bolti ya oili ya yule kijana. Bolti yake ilikuwa ya milimita 12 yenye hatua ya 1.5, na nyama iliyozunguka tundu ilikuwa nene. Fundi mkerezaji alitukerezea bushi ya chuma yenye meno ya milimita 16 kwa nje na 12 kwa ndani, ukuta wake ukibaki na milimita moja tu mahali palipo pembamba kabisa. Tundu lilipanuliwa injini ikiwa imelazwa ubavu, biti na tepu vikiwa vimejazwa grisi. Bushi ikaoshwa kwa petroli, ikapakwa gundi kali ya kufungia meno, ikazamishwa hadi ikalingana na uso wa alumini, ikaachwa mpaka asubuhi ya pili. Kabla ya kufunga, tulimwagia ndani nusu lita ya oili ya bei rahisi na kuiacha itoke kwenye kipande cha kitambaa cheupe, na ndani ya kitambaa kile vikaonekana vinyozi vitatu ambavyo grisi haikuvinasa.

Washa mpya ilipowekwa, bolti ilikazwa kwa 25 Nm, maana injini ndogo nyingi huwa kati ya 20 na 30, na kitabu cha pikipiki husika ndicho chenye neno la mwisho. Meno hayakupakwa grisi, kwa sababu meno yaliyolainishwa huifanya nguvu ileile ya spana ivute zaidi kuliko ilivyokusudiwa. Grisi ya kuzuia kutu tuliiweka kwenye bolti za kava, upande unaomwagikiwa na maji ya samaki, tukazikaza kwa pungufu kidogo ya kiwango. Kijana aliniuliza kwa nini spana imeachwa mapema hivyo, wakati bolti bado ingekubali kuzunguka. Nilimrudishia ule unyuzi wa alumini, ambao nilikuwa nimeuhifadhi kwenye kifuniko cha chupa.